Gari la Kanisa Haliwaki

Jumanne, tarehe 6
Nimechelewa kuandika. Naomba radhi, ingawa hakuna asomaye. Nilisali, nikafagia ua, nikampelekea uji shemeji Nabintu, dada wa marehemu mke wangu. Hakunywa. Tumbo limezidi kuvimba. Ijumaa atapasuliwa mjini Mbarara, nayo hospitali inamtaka Alhamisi. Hawezi kuketi, lazima asafiri amelala, na godoro linaenea katika gari la kanisa pekee. Gari hilo lilipakwa rangi upya, likaombewa Jumapili. Leo limekataa kuwaka.

Jumatano, tarehe 7
Betri nzima. Fyuzi nzima. Byamungu, dereva, alipima kila mahali kwa mita ya volti.
"Baba, fasi yote iko kumi na mbili! Umeme iko mingi!"
Kweli. Lakini ufunguo ukizungushwa, stata hugonga mara moja, kimya.
Shemeji alizisoma nyuso zetu. "Kama inakataa, munibebe mu kipoyi, sawa chefu wa zamani."
Tulicheka, tukimwona kama chifu juu ya machela mabegani mwetu. Nilitoka nje nikalia.

Alasiri. Mita haili umeme. Huonyesha volti hata njia ikiwa imebanwa. Taa hula. Nilichukua balbu ya taa kubwa niliyoiungia nyaya mbili. Kati ya chanya na hasi ya betri: mwanga mkali. Kati ya chanya na bodi ya gari: wekundu hafifu, kama kaa linalozimika. Basi waya wa hasi haushiki bodi. Niliufungua. Chini ya bolti, rangi nyeupe. Wanakwaya walikuwa wameitoa betri, wakapaka hadi ndani, kwa upendo, kisha wakaufunga waya juu ya rangi.

Mama Zawadi, kiongozi wao, alinikuta na kisu.
"Baba! Unakwangua gari ya Bwana?"
Nilimwomba msamaha. Sikuacha kukwangua hadi chuma kikang'aa. Nilifunga. Likawaka. Akapiga vigelegele peke yake.

Alhamisi, tarehe 8
Tumefika. Byamungu aliendesha polepole sana. Kila shimo, shemeji aliuma kanga. Amepokelewa. Nina hofu.

Ijumaa, tarehe 9
Amepasuliwa. Anapumua. Daktari hakuahidi neno, nami sikumsumbua.
Byamungu anarudi kwetu Nakivale. Ndiye atakayewapelekea wanakwaya habari, pamoja na shukrani zangu kwa gari.
Mchana shemeji aliomba maji. Muuguzi alikataa, akaniruhusu kumlowesha midomo kwa kitambaa. Namlowesha. Kikikauka, nachovya tena.