Mbegu za Chia Ulizomtumia Mama

Mbwawa,
Kibaha.
20 Julai, 2025

Mpendwa mdogo wangu Biubwa,

Assalaam alaykum. Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na shemeji Hemedi na mwanangu Jumbe. Baridi ya huko Karagwe inawafanyaje? Kile kikohozi cha Jumbe kimeisha, au bado mnambembeleza na asali? Sisi huku hatujambo kwa kiasi chetu. Shemeji yako Mwishehe anakwenda zamu zake kiwandani Zegereni na kurudi, Maulida yupo nyumbani anasubiri majibu ya chuo, na mimi nipo, nimechanganyikiwa tu.

Utashangaa kupata barua ya mkono zama hizi. Simu ninayo na bando ninalo. Lakini unanijua nikishika simu, naongea mpaka jirani anaitikia, na chumba cha mama kimepakana na sebule. Kwa hiyo nimekuja kukaa mezani kwa mwalimu Yasinta, jirani yangu wa upande wa migomba. Amenipa kalamu na karatasi, na mwenyewe yuko jikoni anajifanya hasikii ninavyoguna.

Nianze na mama, maana najua ndiye unayemtafuta kwenye karatasi hii. Mama anaswali, anatembea, anafagia uwanja hata ukimkataza. Ila amepungua. Tangu mwezi wa tano, walipomgundua kisukari pale hospitali ya Tumbi nikamtoa Kisarawe nikamleta kwangu awe karibu na kliniki, amepungua kilo saba. Daktari hakutuficha. Dawa zake zinataka chakula tumboni, na asipokula zitamletea mengine. Basi kila siku vita vyangu ni hivyo: mama ale, ameze dawa. Na yeye wala halalamiki. Anafunua chakula, anakitazama, anakifunika. Anasema ameshiba, saa saba mchana, mtu ambaye tangu asubuhi ana chai ya rangi tu tumboni.

Na nilijitahidi, wallahi. Nilimnunulia sufuria yake, sahani yake, kikombe chake na hotpoti ndogo ya bluu, asije mtu akachanganya chakula chake na hiki chetu cha mafuta na sukari. Sisi tunakula kwenye sinia mkekani kama ulivyotuacha. Yeye nampelekea chumbani, kimepikwa kabla ya chetu, kingali cha moto: dona, mchicha, samaki wa kuchemsha. Namrudishia na mlango ili watu wasimsumbue. Mke wa waziri hahudumiwi hivyo! Na hotpoti inarudi kama ilivyokwenda. Kikombe chake anakiosha mwenyewe na kukiweka dirishani, mbali na vyetu. Nikajua ananuna kwa sababu nimemnyima mandazi.

Ndipo kifurushi chako kikafika kwa basi, tarehe nane, na ile karatasi yako kwamba huko kwenu watu wanalima chia, na kwamba ukimpa mama pudini ya chia na matunda atakula tu, maana ni laini na haina sukari ya kutia. Nilifurahi, mdogo wangu. Lakini karatasi yenyewe ilikuwa na mistari mitatu! Wewe mwalimu, wanafunzi wako wanafaulu vipi?

Mimi nilipofungua mfuko nikaona mbegu nyeusi, nyingine za kijivu, na katikati yake nyeupe nyeupe. Nikasema hawa wa Karagwe wamempunja mdogo wangu, wamechanganya na chuya. Nikachukua ungo, nikakaa barazani, nikaanza kuchambua. Unajua mbegu ya chia ilivyo ndogo? Nilichambua kuanzia baada ya adhuhuri mpaka adhana ya alasiri, shingo ikakakamaa, nikapata nyeupe kama kijiko kimoja cha chai. Nikazitupa. Maulida alipotoka ndani akaniambia, "Mama, hizo nyeupe nazo ni chia. Zote zinaliwa." Ningejuaje? Maisha yangu yote chenye rangi tofauti kwenye ungo kinatupwa.

Kwa hasira nikasema basi angalau nizioshe. Nikazitia kwenye beseni la maji kama mchele, nikawa nazisugua, mara nageukia sufuria ya maharage, mara nawajibu watu. Niliporudi kwenye beseni sikukuta mbegu. Nilikuta mlenda. Niliuchuja, haukuchujika, ulishika kwenye chujio, ukashika kwenye vidole, nikipangusa kwenye khanga unashika kwenye khanga. Nikaumwaga kwenye shina la mgomba, kuku wakaja mbio wakadonoa, kisha wakawa wanafuta midomo ardhini huku wananitazama. Mfuko mmoja kati ya miwili uliishia hapo. Nakuambia ukweli kwa sababu Maulida ameshawasimulia nusu ya Mbwawa.

Mfuko wa pili nilimwachia yeye aangalie kwenye simu, mimi nikawa mtazamaji. Kumbe haziwashiwi hata moto! Vijiko vinne vya chia kwenye maziwa kikombe kimoja na nusu. Unakoroga, unaacha kama robo saa, unakoroga tena zisigandane chini, unafunika, unaweka kwenye friji kuanzia alasiri, asubuhi iko tayari. Juu unakata tunda. Mimi hapo ndipo nilipoachwa njiani. Chakula gani hakioshwi, hakichemshwi, hakitiwi chumvi, kinajipika chenyewe kwenye baridi? Niliamka nikafunua bakuli, nikakuta kimesimama kizito, kijiko kinasimama nacho. Nilionja kwa ncha ya ulimi. Ladha ya maziwa, na vitu vidogo vinavyoteleza. Si kibaya. Sijui kama ni kizuri.

Siku hiyo ilikuwa Ijumaa. Mwishehe hakuwa na zamu, akarudi kutoka msikitini akakuta bakuli lile kubwa la kioo liko mkekani na papai limekatwa juu yake. Akataka kujua ni kitu gani. Maulida akaleta vijiko. Mama alikuwa anapita kwenda kuanua khanga zake, Mwishehe akamwita, "Mama, njoo utusaidie, mimi hapa sijui nakula nini." Mama akacheka. Akakaa. Akachukua kijiko, akala, akala tena, akakwangua upande wake wote. Kisha akaomba dona. Biubwa, mama aliomba dona! Nilikimbilia dawa.

Jumamosi nikaitengeneza vizuri zaidi, ya kwake mwenyewe, kwenye kikopo chenye mfuniko, nikaweka chungwa, nikampelekea chumbani. Hakugusa.

Nikafikiri ni chungwa, uchachu. Jumapili Yasinta alitoka kanisani akapitia kwangu na mapasheni, anataka kuonja hicho kitu kilichonatisha kuku. Tukakaa barazani na bakuli, mama akatoka kumsalimia, mazungumzo yakanoga, akala vijiko sikuvihesabu. Aha, nikasema, ni papai na pasheni. Jumatatu nikaweka papai na pasheni kwenye kikopo. Hakugusa. Jumanne nikabadilisha maziwa nikatia tui jepesi. Hakugusa, na dawa hakumeza.

Nilianza kuandika nyuma ya daftari la kliniki: siku, tunda, maziwa au tui, amekula, hajala. Mwishehe akawa ananiita daktari bingwa. Maulida akasema, "Mama, bibi anakuzingua tu." Sikucheka. Tunda lile lile, mkono ule ule, bakuli limetoka friji ile ile, leo analamba kijiko, kesho ananitazama kama nimemletea sumu. Nililala na fumbo hilo na kuamka nalo. Hata nikafikiria kumtafutia mtu wa kumsomea.

Jumatano nikaingia chumbani kwake na kikopo, nikamkuta ameketi kitandani ameelekea ukutani, na cha asubuhi kiko pale pale. Uvumilivu ukanishinda. Sikumheshimu, nakiri. Nilimwuliza kwa sauti anataka nini hasa. Akageuka polepole.

"Hajra, mimi naumwa nini?"

"Kisukari, mama. Si daktari alikuambia?"

"Kisukari kinaambukiza?"

Nikamwambia hakiambukizi.

"Basi mbona sahani yangu peke yangu, kikombe changu peke yangu, na mlango mnaurudishia? Ijumaa mmekula na mimi, Jumamosi mmenirudisha huku. Kama kuna jambo mmeambiwa hospitali, niambieni. Mimi mtu mzima."

Unakumbuka habari za shangazi yake aliyekufa kwa kifua kikuu kule Kisarawe, zamani sisi hatujazaliwa? Mama ndiye aliyekuwa akitumwa kumpelekea chakula. Aliniambia siku hiyo jambo ambalo sikuwahi kulisikia. Kwamba nyumba nzima hakuna aliyetamka ugonjwa. Siku moja tu shangazi alitolewa sahani yake ya bati na kikombe chake, akahamishiwa chumba cha uani, na watu wote wakaelewa, na shangazi mwenyewe akaelewa. Mama alikuwa na miaka tisa. Anaweka sahani mlangoni, anarudi nyuma, ndipo shangazi anatoka kuichukua. Na sahani ilikuwa inarudi imejaa.

Biubwa, hebu fikiria. Miezi miwili mama yangu amekaa kwenye chumba hicho akiamini kwamba ameambukizwa kitu tunachokiogopa na hakuna anayethubutu kumwambia. Na hotpoti ya bluu nilimnunulia mimi, nikaichagua rangi. Nililia nikiwa nimemshika magoti, na yeye ndiye aliyekuwa akinibembeleza, jambo ambalo limenitia aibu mpaka leo.

Mchana ule nilichukua sahani, kikombe na hotpoti nikavipeleka stoo. Sasa tunakula sinia moja, na kilichomo ni cha mama: dona, mchicha, samaki, mafuta kidogo. Mwishehe ananung'unika kwamba na yeye amepewa kisukari bila kupimwa, lakini anakula. Pudini yako tunaiweka bakuli kubwa katikati, kila mtu na kijiko chake, na tunda lolote lililopo. Mama hana habari na tunda. Dawa amemeza siku tano mfululizo. Kliniki nilimwuliza mhudumu kuhusu chia, akasema si mbaya ila si dawa, dawa ziendelee. Kwa hiyo na wewe usianze kujisifu.

Nilidhani yamekwisha. Juzi Ijumaa tumemaliza kula, nakusanya vyombo, mama akaniuliza bila kunitazama, "Idi, Biubwa hakuja. Ulimwambia nini?"

Nikamweleza kwamba kidato cha nne walibaki kambini na wewe ulipangiwa kuwasimamia, kwamba ulilia kwenye simu, kwamba tiketi ulikuwa umeshakata. Akatikisa kichwa, "Haya." Unaijua haya ya mama. Nikarudia mara ya pili, na kadiri ninavyoeleza ndivyo inavyozidi kuonekana kama namficha. Ndipo nilipoelewa kwamba sahani naweza kuiondoa mimi, lakini hili la kudhani kwamba ulimwogopa si la kwangu kuliondoa, na sijui nikuambie ufanye nini. Najua shule imefunguliwa. Najua safari ni siku nzima na zaidi. Sikulazimishi. Nimekueleza tu lilivyo.

Mwishehe anakusalimu, na anasema ukituma tena utume na maelezo kamili. Maulida anamsalimu Jumbe. Mjomba Badru yupo Kisarawe, anaitazama nyumba ya mama na anawasalimu nyote. Mwalimu Yasinta naye, ingawa hamjaonana, anasema anakuombea. Nisalimie sana shemeji Hemedi.

Mama anakusalimu. Hajui niliyokuandikia, anajua tu kwamba naandika. Asubuhi kabla sijatoka nilimwuliza nikuwekee neno gani kutoka kwake. Alifagia mpaka kwenye migomba, akarudi na ufagio mkononi. Kisha akasema, "Mwambie nimeulizia vizuri. Hakiambukizi."

Mola akulinde na nyumba yako yote, akujaalie afya na wepesi katika kila njia utakayoikusudia.

Dada yako akupendaye,
Hajra Isihaka