Jina Lililosomwa Kambini

Kariakoo, Jumatatu

Mama mpenzi,

Shikamoo. Tumsifu Yesu Kristo. Natumaini mguu umepata nafuu na migomba imenyeshewa. Mimi mzima, ila joto la huku na makelele ya wapakiaji vitanimaliza.

Mama, waambie akina shangazi wasihangaike kupika pombe ya mbege. Harusi ya Ignasi haipo tena. Kaa kwanza, nikueleze.

Mchumba wake, Nabintu, unamjua kwa simu, yule Mkongo uliyemsifu kwa adabu. Alikimbia vita, akaambiwa mumewe ameuawa, akamlilia kambini Kigoma kabla hajaja kuuza mitumba Mchikichini, alikokutana na mdogo wangu.

Sasa, hatufungishi ndoa mpaka majina yatangazwe kanisani Jumapili tatu, mwenye kujua kizuizi aseme. Ignasi alinisihi yasomwe hapa kwetu tu. Nikamwambia siwezi kumpendelea ndugu yangu halafu waumini wanicheke. Nikayapeleka na kambini, alikosali Nabintu zamani.

Yakasomwa. Kumbe miongoni mwa waliokuwa misani ni Byamungu, mumewe, aliyefika kambini mwaka huu akimtafuta. Akaomba kibali cha kutoka kambini, akaja mpaka ofisini kwangu.

Nikamwita Nabintu, naye alipomwona alikaa chini sakafuni. Baadaye akaniuliza afanye nini, nami nikaanza kumweleza sheria ya Kanisa. Akasema sheria anaijua, ila Ignasi je. Jana wameondoka pamoja, yeye na mumewe. Ignasi amefunga duka na hataki hata kuniona.

Mama, kuna jambo siwezi kulisema mimbarini. Miaka yote hii nawahimiza wakimbizi wasikate tamaa, nawaambia huenda watu wao wako hai. Halafu mmoja akasimama mlangoni kwangu, amekonda, kofia mkononi, mzima kabisa, nami nikatamani angekuwa amekufa. Nilitamani kweli, Mama. Nimeungama kwa Padre Aaron na nimeondolewa dhambi. Lakini Byamungu alinishika mikono miwili, akanishukuru kwa kumrudishia mkewe, akaniomba baraka. Nikambariki huku bado natamani.

Ignasi anapanda basi la Moshi kesho. Usimuulize kitu, mpe chakula alale. Akinisema vibaya, usinitetee.

Wasalimie wote hapo nyumbani, na jirani zetu wa Jumuiya. Usiku ukisali rozari, mtaje na Byamungu, maana mimi bado nashindwa.

Mwanao,
Padre Kasmir