Nesi wa Kwanza

4 Machi

Mama mpenzi,

Shikamoo. Mgongo unaendeleaje? Mimi mzima, ila zamu za kusimama kutwa katika hii nyumba ya wazee zimenimaliza miguu.

Nina mgonjwa mmoja, mwalimu mstaafu wa Kiingereza, tunamwita Bibi Kamusi. Nikimwogesha ananifundisha maneno. Jana kaniuliza kama najua jina la kazi yangu limetoka wapi. Ati "nurse" zamani hakuwa mtu wa sindano na sare nyeupe. Alikuwa mwanamke anayenyonyesha mtoto wa mwenzake. Asili yake Kilatini, kulisha. Kutunza wagonjwa kulikuja baadaye. Nilicheka, nikamwambia, haya mama, fungua mdomo nikulishe. Siku hizi namwita mama, naye anafurahi kweli.

Mwanao

19 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Mgongo ni uleule, tuyaache hayo.

Mama? Unamwita mama? Nani alikubeba miezi tisa, Kamusi? Wazee wote waliojaa humo, ni yeye tu aliyestahili jina langu! Mwite bibi, mwite mwalimu, mwite mgonjwa wa kitanda cha dirishani. Na maneno yake ya kunyonyesha yaishie hukohuko. Wewe ulinyonya kwangu. Hakuna mwanamke mwingine aliyekupa ziwa, na atakayekuambia vingine ni mwongo mkubwa.

Mama yako wa pekee

2 Aprili

Mama,

Shikamoo. Nisamehe, sikukusudia kukuudhi. Nitamwita bibi, yaishe.

Lakini barua yako nimeisoma mara nne. Mimi nilikusimulia neno tu. Sikuuliza nilinyonya kwa nani. Mbona unakana kitu ambacho hakuna aliyekisema?

Mwanao

28 Julai

Mwanangu,

Marahaba. Najua umengoja sana. Kila nikishika kalamu, naiweka chini tena.

Ulipozaliwa niliugua, nikalazwa miezi sita. Jirani yetu, fundi cherehani, alikuwa na mtoto wake mchanga. Akawanyonyesha wote wawili. Niliporudi ulilia mapajani mwangu huku unamnyooshea yeye mikono. Roho iliniuma, we acha tu. Hata asante sikumpa. Mwezi haukuisha nikahama mtaa, nikapiga marufuku jina lake nyumbani. Wivu, mwanangu, hakuna kingine.

Juma lililopita nilimtafuta. Yupo chumba kilekile, bado anashona, ingawa jicho moja halioni tena. Nilijiandaa kutukanwa. Akaweka nguo chini, akaniuliza kitu kimoja tu: "Anakula vizuri?"

Nikaona wivu palepale, sikufichi. Lakini nimempa anwani yako, na yake iko nyuma ya karatasi hii. Mwandikie. Ukitaka kumwita mama, mwite. Ila usiniambie.

Mama yako