Kiti cha Mbele

Ikuti, Rungwe
19 Aprili 1995

Mama mpendwa,

Shikamoo. Ni matumaini yangu kwamba hujambo na kwamba ule mguu umeacha kukusumbua. Vipi mpunga wa huko Kyela, umeiva au maji yamepita nao tena? Mimi na mkweo Anyosisye ni wazima, ila viuno vimekwisha. Watoto tumewaacha Mwanza kwa wifi yangu mpaka shule ifungwe.

Felista mdogo wangu, wewe unayemsomea mama barua hii, soma polepole, usiruke kitu, na ukimaliza ufunge mdomo wako. Nakujua.

Mama, tumerudi nyumbani moja kwa moja. Ile kampuni ya umma ya pamba aliyokuwa akiiendeshea malori mkweo imeuzwa, watu wakapunguzwa, na jina lake likawa la tatu kwenye karatasi waliyoibandika ukutani. Miaka kumi na minane ya udereva, basi, kwaheri. Walimpa pikapu moja kuukuu iwe sehemu ya haki zake. Tukiwa bado tunajiuliza tufanye nini, ikaja barua ya baba mkwe kwamba amelazwa hospitali ya Makandana, nguvu zimemwishia, na anataka mwanawe mkubwa aje ashike mji, migomba na shamba la chai. Asipokuja, atamkabidhi mdogo wake, Ambwene.

Lakini kuna jambo sijapata kukuandikia. Macho ya mkweo yanaharibika. Daktari kule Mwanza alisema ni presha ya macho, na kilichokwisha kupotea hakirudi. Jua likiwaka anaona kidogo. Mawingu yakitanda au ukungu ukishuka, haoni hata vidole vyake. Alinikataza nisimwambie mtu, kwa kuwa alikuwa na hofu moja tu: baba yake akijua, atasema mji haukabidhiwi kipofu. Nilimwambia huo ni upuuzi, tukanuniana siku mbili nzima. Lakini moyoni nami niliogopa.

Kwa hiyo aliyeendesha pikapu ni mimi. Usishtuke. Alikuwa amenifundisha taratibu Jumapili za nyuma, kwenye kiwanja cha mpira. Shinyanga hadi Singida kwenye tope nilishika usukani, yeye akisikiliza injini na kuniambia nibadilishe gia lini. Leseni sina. Tukikaribia kizuizi cha polisi tunabadilishana viti, anapita kifua mbele kama bwana mkubwa, halafu kona ya kwanza tu ananirudishia. Manyoni tulikwama siku mbili. Dodoma tulinunua tairi, maana siku hizi kila kitu ni ruksa, tairi zimejaa barabarani kama maandazi. Pasaka ilitukuta Iringa, tukasali, tukaendelea. Jumatatu jioni tukaingia Tukuyu, tukalala nyumba ya wageni hapo hapo, mtaa wa Msasani. Siku kumi na moja njiani, mama, na hatukugombana ila mara nne.

Jana asubuhi tukaenda Makandana kumchukua mzee, maana alikuwa ameruhusiwa. Hapo ndipo mambo yalipoanza. Wewe ndiye uliyenifundisha jinsi mke anavyomheshimu baba mkwe. Miaka kumi na sita ya ndoa na sijamtazama usoni hata siku moja. Jina lake silitamki, na hapa unaona siliandiki. Nikija likizo nikasikia anakohoa njiani, natua ndoo naingia migombani hadi apite. Sasa nitaingiaje wodini alikolala? Nikabaki nje nyuma ya ukuta, mvua ikininyeshea, na mkweo akaingia peke yake, bila mtu wa kumwongoza.

Akamsalimu mzee asiyemjua. Akainama kwa heshima zote, akamshika mikono, akampa pole ya ugonjwa, na yule mzee wa watu akaipokea vizuri tu. Baba yake alikuwa kitanda cha pili akimtazama. Baadaye akamwita kwa upole, akamwambia yeye yuko huku. Mkweo akasingizia kwamba ndani kuna giza. Alipotoka kunieleza, jasho lilikuwa linamtiririka na ile baridi yote. Nilimwonea huruma, na nikajilaumu.

Tulikuwa tumepanga kwamba mzee atakaa kiti cha mbele na mwanawe ataendesha, nami nitapanda nyuma chini ya turubai pamoja na masufuria. Kutafuta dereva mwingine mkweo alikataa, akasema siri itatembea kuliko gari. Basi nikapanda. Ukungu ulikuwa umeshuka, mweupe pepepe. Tulikuwa hatujaiacha hata Makandana nilipoona kwa pembeni mama mmoja ana mkungu wa ndizi kichwani, na pikapu inamwendea moja kwa moja. Nikagonga paa la gari kwa ngumi zote mbili nikipiga kelele. Akakanyaga breki. Yule mama alianguka mtaroni na ndizi zake, na matusi aliyotutukana, mama, tulistahili yote. Namshukuru Mungu hakuumia.

Sasa nakuomba ukae vizuri. Niliruka chini, nikafungua mlango wa dereva, nikamwambia mume wangu asogee katikati. Nikajifunika khanga kichwani hadi kwenye nyusi, nikaketi, nikawasha gari. Baba mkwe alikuwa pale pale, amegeukia dirisha lake. Nimepanda naye gari moja, kiti kimoja, hadi Ikuti. Niliyokatazwa yote nimeyafanya, na nimeyafanya nikiwa na akili zangu. Kama ni aibu, ni yangu, usikubali mtu aseme hukunilea.

Njia nzima hakunigeukia. Ila tulipoanza kuteremka pabaya, alimwambia mwanawe amwambie dereva kwamba mbele kuna daraja la miti, apite kulia. Mkweo akaniambia, ingawa nilikuwa nimekwisha kusikia. Tulikwenda hivyo hivyo, kila kona nikiambiwa mara mbili.

Nyumbani watu walikuwa wamejaa. Waliponiona nateremka upande wa usukani na mzee yupo ndani, wanawake wakaziba midomo, na shangazi mmoja akaanza kulia kama kuna msiba. Mzee akateremka na fimbo yake, akatupa mgongo, akasema kwa sauti iliyofika hata kwa majirani kwamba ameletwa na dereva, na dereva ni dereva. Yeye hakumwona mkwe wake yeyote mle garini. Kama kuna aliyemwona, aje amwambie mbele ya uso wake.

Kisha akamshika mkweo kiganja, mgonjwa akimwongoza mzima, na nikamsikia akimwambia hapa kuna jiwe, hapa kuna ngazi, hapa inama. Alipofika mlangoni akamwambia Ambwene ashushe mizigo ya kaka yake aiingize nyumba kubwa. Ambwene akaishusha. Mimi nilirudi garini, nikaegemea usukani, nikalia mpaka khanga ikalowa.

Mama, nisamehe, na watakaokuletea habari hizo waambie umekwisha kuzipata kwangu. Leo asubuhi nilikuwa jikoni, mkweo akaja na ujumbe. Ijumaa mzee anatakiwa kurudi Makandana kupimwa, na anauliza kama dereva atakuwa na nafasi. Nimejibu kwamba anayo.

Wasalimie wote hapo nyumbani, na mchungaji pia, ila yeye msimsomee barua yote. Mkweo anakusalimu na kukushukuru sana, anasema ndaga fijo kwa mke uliyempa. Uutunze mguu.

Ni mimi mwanao,
Sekela