Ufunguo wa Choo Shingoni

Jumatatu, 5 Mei
Ufagio uko tena mlangoni kwa Okello, yule wa bodaboda. Sheria ya ua wetu hata watoto wanaijua: ukiukuta ufagio mlangoni kwako, unaosha choo, kisha unausogeza kwa jirani. Yeye huusogeza mkavu. Leo nimemwambia mbele ya watu kwamba yeye ni mchafu kuliko choo chenyewe. Wapangaji walinichagua mwenyekiti kwa sababu ya mdomo huu. Sasa wauonje.

Jumatano, 7 Mei
Choo hakiingiliki. Nimenunua kufuli. Ufunguo nimeuvaa shingoni, na anayetaka kujisaidia aje kwangu aniambie aliosha lini. Wamenuna. Wanune! Nashona sare za wateja wangu huku wamesimama mlangoni wakibembeleza. Nimefurahi sana.

Ijumaa, 9 Mei
Mvua. Mtaa wetu wote wa Bwaise ni maji machafu. Nilikwenda mjini kununua vitambaa, na ufunguo nikaenda nao.

Hajjati Zaituni, yule mzee Mnubi wa chumba cha mwisho, alishikwa na tumbo. Magoti yake mabovu. Aligonga kwangu, akagonga tena. Mwishowe akaenda kuomba choo ua wa pili, akateleza mtaroni. Walimtoa akiwa amejichafua, mtandio umekwenda na maji, mkono umeteguka. Mbele ya mtaa mzima.

Niliporudi hakuna aliyeitikia salamu yangu. Okello tu: "Wewe Mukenya, hiyo choo ni ya baba yako? Mutu muzima anajichafulia kwa njia sababu ya wewe! Banange!"

Nimemchukia. Zaidi kwa sababu amesema kweli.

Jumamosi, 10 Mei
Kikao uani. Wamenivua uenyekiti, wamempa Okello. Okello! Niliutupa ufunguo chini, wakaniacha nimesimama peke yangu. Mama mmoja alitema mate karibu na mguu wangu. Nahama. Waoze na choo chao.

Jumapili, 11 Mei
Sikwenda kanisani. Nimekaa ndani siku nzima nikijiuliza uenyekiti niliutakia nini. Usafi? Uongo. Nilitaka kuombwa. Tangu nitoke Bungoma nikavuka mpaka, mimi hapa ni Mkenya, mtu wa kuja, na kwa siku chache walilazimika kusimama mlangoni kwangu. Basi. Hilo ndilo nililokuwa nimelivaa shingoni.

Jioni nilimpelekea Hajjati uji. Akageukia ukutani. Nimerudi nao.

Jumanne, 13 Mei
Ufagio mlangoni kwangu. Nimeosha, nimeusogeza. Kabla sijamaliza kupiga pasi, umerudi. Wananikomoa. Nilitaka kuuvunja.

Ijumaa, 16 Mei
Ufagio. Tena. Kufuli Okello ameling'oa, kazi yake ya uenyekiti imeishia hapo. Nimesugua kwa hasira, sakafu, kuta, mlango. Wanaingia na ndala zao za matope wakati bado nimeinama. Asante hakuna. Sijafungasha bado. Sijui kwa nini.

Jumatano, 21 Mei
Hasira bado ipo, lakini leo nikiwa nasugua sikuwa nikimfikiria Okello. Nilikuwa nikifikiria Hajjati atakanyaga wapi. Pale mlangoni panateleza. Nimemwaga changarawe. Ndani nimepigilia misumari ukutani na kufunga kamba, ashike anapoinuka. Okello alipita akacheka: "Mwenyekiti wa choo!" Nimeendelea kupigilia.

Leo sikuchoka. Ajabu. Nilipokuwa na ufunguo nilikuwa nachoka kuanzia asubuhi.

Jumapili, 25 Mei
Nimefungua mlango, ufagio haupo. Nilikasirika kweli. Nani kachukua kazi yangu? Nikauona kwa Okello, umelowa, na choo kinanukia sabuni. Alikuwa akifuta pikipiki yake. Hakuniangalia, nami nikarudi ndani.

Nilikuwa navaa viatu vya kanisani fimbo ilipogonga mlangoni. Hajjati. Mkono mmoja bado umefungwa kitambaa. Alibana fimbo kwapani, akaninyooshea mwingine.

Tumekwenda polepole. Ameingia, nimesikia kamba ikikaza. Nimesimama nje kumngoja.