Jina Tulilifuta

Shoga, njoo na gari hapa chuoni.

Yule fundi cherehani niliyemhoji kuhusu wanawake wanaopigwa majumbani, si unamkumbuka? Nilimwapia hakuna atakayemjua.

Leo taasisi yetu imewasilisha utafiti kwa madiwani. Bosi akawasha rekodi ya yule fundi, ukumbi mzima ukasikia. Eti jina tumelifuta. Jina, shoga. Na sauti je?

Mumewe ni mjumbe wa mtaa, alikaa viti vya mbele.

Alisikiliza mpaka mwisho, katulia tuli. Akaniuliza kwa upole, "Dada, hii mlirekodi lini?" Akaondoka.

Madiwani wakapiga makofi.

Nimempigia mkewe weee. Sasa hivi simu imepokelewa. Ni mume, upole ule ule.

"Dada, hawezi kuongea."