Kiti Kisichouzwa

Mpwa wangu kipenzi,

Mimi ni mzima kama chuma cha reli. Unauliza, ukimkimbia huyo mume anayekupiga, utafikia kwangu? Mama, hilo nalo ni swali la kumuuliza mjomba?

Siku hizi nalala kisultani, kila wiki kitanda kipya. Kimoja kilikuwa kipana hata nikigeuka naota ndoto nyingine. Vitanda ni vya Fundi Msumari, seremala. Mteja akichukua chake, nahamia kingine. Nyumba yangu ilibomolewa kupisha barabara, tuyaache hayo.

Fundi mwenyewe hana nyumba, analala juu ya meza ya kazi. Karakana yake haina ukuta wa mbele, lakini amesimamisha mlango pale, peke yake, ili mgeni apate pa kupigia hodi. Nimezunguka dunia nzima, ukarimu wa namna hiyo sijauona.

Tena ana kiti kimoja amekipiga msasa mpaka kinang'aa. Jana tajiri mmoja alikitaka.

"Hakiuzwi," Fundi akasema. "Kina mwenyewe."

"Mwenyewe gani? Kila nikipita kitupu!"

"Bado hajafika."

"Fundi, umelewa gundi wewe!"

Alipoondoka nikamsomea Fundi barua yako. Akakifuta kiti vumbi, akauliza, "Ana mtoto?"

Nikasema anaye. Hivi ninavyoandika, anakata miguu ya kiti kingine, kifupi.

Njooni. Ila mpige hodi mlangoni, msipite pembeni. Fundi atanuna.

Mjomba wako,
Sultani wa Vitanda